Zino Davidoff: Muuza tumbaku wa Geneva aliyechoma siga zake mwenyewe

Mwezi Agosti mwaka 1989, mzee wa miaka 83 alifanya jambo ambalo wafanyabiashara hawalifanyi. Alichoma moto mali yake mwenyewe, hadharani. Zilikuwa siga zaidi ya laki moja kutoka Cuba, zenye kile kikanda cheupe kilichoandikwa jina lake. Hazikuwa bandia wala za magendo. Zilikuwa zimetengenezwa Havana kwa mkataba halali, na wateja walikuwa tayari kuzilipia bei kubwa. Yeye aliona hazifai kuuzwa.

Mzee huyo ni Zino Davidoff. Wengi wetu Afrika Mashariki jina hilo tumelikuta kwenye chupa ya manukato ya buluu iliyoanza kuuzwa mwaka 1988, au kwenye pakiti ya sigara. Manukato hayakuwa kazi yake. Kazi yake, kwa zaidi ya miaka 60, ilikuwa siga: ile sigara nene ya kahawia isiyo na karatasi wala kichungi, inayosokotwa kwa mkono kutoka majani matupu ya tumbaku.

Mtoto wa duka

Zino alizaliwa Machi 1906 katika eneo ambalo leo ni Ukraine na wakati ule lilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Familia yake ilikuwa ya Wayahudi wafanyabiashara wa tumbaku. Maisha ya Wayahudi katika dola ile yalikuwa ya mashaka, kwa mashambulizi ya mara kwa mara na sheria za kuwabana, na mwaka 1911 wazazi wake walifunga safari na watoto wao hadi Geneva, Uswisi. Huko baba akafungua duka dogo la tumbaku.

Geneva ya miaka ile ilijaa Warusi waliokimbia au kufukuzwa kwao, na dukani kwa Davidoff walikuja kununua na kubishana siasa. Zino alipenda kusimulia kwamba mmoja wa wateja waliochukua siga na kuondoka bila kulipa alikuwa Vladimir Lenin. Lenin hajulikani kama mpenzi wa moshi, kwa hiyo msomaji apime mwenyewe. Muuza duka mzuri ana haki ya kuwa na hadithi nzuri.

Mwaka 1924, baada ya kumaliza shule, kijana huyo alipanda meli kwenda Amerika ya Kusini kujifunza biashara. Alipita Argentina na Brazil, kisha akafika Cuba, na hapo ndipo alipokutana na kitu alichokitafuta. Alifanya kazi kwenye mashamba, akajifunza tumbaku kuanzia jani likiwa mbichi.

Alichokiona Cuba

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu bila kuelewa jani hatuwezi kuelewa kwa nini mtu angechoma siga laki moja.

Msomaji wa Tabora au Urambo anaifahamu tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa joto la moto ndani ya bani kwa siku chache na kwenda kuwa sigara za kawaida. Jani la siga halipitishwi kwenye moto. Hutundikwa kivulini kwenye banda refu na kuachwa likauke kwa hewa kwa wiki kadhaa, kama ile tumbaku ya hewa. Kisha hupangwa kwenye malundo, likiwa na unyevu kidogo, na lundo hujipasha joto lenyewe. Katika joto hilo jani hutoa harufu kali ya amonia na ule ukali unaochoma koo. Lundo hufumuliwa na kupangwa upya mara nyingi, na baada ya hapo jani hupumzishwa ghalani, pengine kwa miaka. Ukilikatisha kabla ya wakati, siga itaonekana nzuri machoni lakini ukiiwasha itakuchoma ulimi.

Siga moja ina sehemu tatu. Ndani kabisa kuna majani ya ujazo, ambayo huchanganywa: ya juu ya mmea ni mazito na yana nguvu, ya katikati yana harufu, ya chini ni mepesi na kazi yake ni kusaidia moto uwake sawasawa. Ujazo huo hushikwa na jani la kufungia. Juu yake huja jani la nje, laini na lisilo na tobo, ambalo mara nyingi hulimwa chini ya vitambaa ili jua lisilikomaze. Tumbaku bora ya Cuba hutoka magharibi ya kisiwa, mkoa wa Pinar del Río, kwenye udongo mwekundu wa eneo liitwalo Vuelta Abajo.

Katika viwanda vya Havana kulikuwa na desturi nyingine ambayo sisi watu wa redio hatuwezi kuipita. Tangu mwaka 1865, wasokotaji waliajiri mtu wa kuwasomea kwa sauti wakiwa kazini, magazeti asubuhi na riwaya baadaye. Inasemekana majina ya siga kama Montecristo na Romeo y Julieta yalitokana na vitabu vilivyopendwa kwenye mabanda hayo. Redio ilipokuja, nayo ikapewa nafasi, lakini msomaji hakuondolewa.

Ghala la chini ya duka

Zino alirudi Geneva karibu na mwaka 1930 na kuchukua duka la baba yake. Mkewe, Marthe, alisimamia hesabu na kaunta, na wanaoijua historia ya duka hilo husema bila yeye lisingefika mbali. Zino alikuwa mtu wa kuongea na wateja. Hesabu haikumvutia.

Alikuwa amerudi na wazo moja. Siga ikitoka Cuba, ambako hewa ina unyevu mwingi, ikafika Ulaya kwenye baridi kavu na nyumba zinazopashwa joto, hukauka na kupasuka. Ikiwa na maji mengi huota ukungu na kukataa kuwaka. Ikikaa mahali pa joto, mayai ya fukusi wa tumbaku huanguliwa na wadudu huitoboa kutoka ndani. Kwa hiyo alitengeneza chini ya duka lake ghala lenye unyevu wa karibu asilimia 70 na ubaridi wa wastani, ambalo hutajwa kuwa la kwanza la aina yake Ulaya, na akawahimiza wateja wawe na kasha la namna hiyo nyumbani, lililopigwa ndani kwa mbao za mwerezi. Leo hakuna muuza siga anayejiheshimu asiye na chumba kama hicho. Mimi naona huo ndio mchango wake mkubwa, kuliko siga yoyote iliyobeba jina lake.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili alikuja na wazo la pili, la kibiashara zaidi. Alizipa siga za kiwanda cha Hoyo de Monterrey majina ya mashamba maarufu ya mvinyo ya Bordeaux: Château Latour, Château Margaux na mengine. Watu wenye fedha walikuwa tayari wanajua kuzungumza juu ya mvinyo, na yeye aliwapa lugha hiyo hiyo kwa ajili ya moshi.

Namna ya kupima

Mwaka 1967 alitoa kitabu kwa Kifaransa kuhusu siga, kilichotafsiriwa baadaye kwa lugha nyingine. Mafundisho yake mengi yamekuwa desturi ya kawaida ya wavutaji wa siga, na msingi wake ni kwamba bei na ukubwa havisemi chochote mpaka vidole, pua na ulimi vimetoa ushahidi.

Kwanza ni vidole. Siga hubonyezwa taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikiwa na mahali pagumu, ujazo umesongamana na moshi hautapita. Ikiwa na mahali palipobonyea, itawaka haraka na kuwa moto mdomoni. Jani la nje linatakiwa kuwa na mafuta kidogo, bila mishipa mikubwa. Rangi nyeusi haina maana kwamba siga ni kali, kwa sababu nguvu hutoka ndani.

Kisha hukatwa kichwani na kuvutwa bila moto, kuona kama hewa inapita. Kuwasha ni kwa subira: mwisho wa siga huzungushwa juu ya mwali bila kuugusa, mpaka ukingo wote uwe mwekundu. Njiti ya kiberiti iachwe kwanza imalize kuunguza salfa yake, la sivyo pafu la kwanza litakuwa na ladha ya kiberiti.

Moshi wa siga haumezwi. Hukaa mdomoni na kutolewa, na pafu moja kwa dakika linatosha. Anayevuta haraka huipasha joto na kuifanya chungu. Anayepima huangalia kama moto unakwenda sawa pande zote na kama majivu yanashikana, kisha hufuatilia ladha inavyobadilika: theluthi ya kwanza huwa nyepesi, ya pili ndiyo kiini, na ya tatu, moshi unapopita kwenye mabaki yaliyokusanya lami, humwonyesha mtengenezaji aliyefanya haraka. Siga ikifika mwisho haikandamizwi kwenye kisahani kama kishungi cha sigara. Huachwa ijizimie yenyewe.

Zino alihubiri kuvuta kidogo na kilicho bora. Hilo lilikuwa shauri la mtu wa ladha, na daktari ana lake. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku inayolingana na pakiti nzima ya sigara. Hata asiyemeza moshi hupokea nikotini kupitia ngozi ya mdomo, na saratani za mdomo, koo na umio zinahusishwa na siga moja kwa moja. Umaridadi wa kasha la mwerezi haubadilishi hilo.

Havana na mgogoro

Septemba 1960 serikali ya Fidel Castro ilitaifisha viwanda vya siga. Familia kadhaa zilizomiliki majina makubwa zilihama kisiwa, na Februari 1962 Marekani, soko kubwa kuliko yote, ilifunga milango. Cuba ilibaki na tumbaku bora duniani ikiwa na uhaba wa wanunuzi na wa watu wa kuwaaminisha wanunuzi hao. Hapo ndipo shirika la serikali, Cubatabaco, lilipomwendea muuza duka wa Geneva.

Mwaka 1968 siga zenye jina la Davidoff zilianza kutoka. Zilisokotwa El Laguito, jumba la kifahari pembeni mwa Havana lililogeuzwa kiwanda, ambako pia zilitengenezwa siga za Cohiba zilizoanza kama siga za Castro mwenyewe. Wasokotaji wa pale walikuwa hasa wanawake, kinyume na mazoea ya zamani ya kazi hiyo. Kwa hiyo jina lilikuwa la mzee mmoja wa Uswisi, na mikono ilikuwa ya wanawake wa Cuba, ambao hawakuandikwa popote kwenye kikanda.

Mwaka 1970 Zino aliuza biashara yake kwa kampuni ya Max Oettinger ya Basel, chini ya Ernst Schneider. Aliendelea kuizungukia dunia kama uso wa jina hilo, akiwa na siga mkononi. Lakini mambo yalianza kuharibika. Ugonjwa wa ukungu wa buluu uliteketeza sehemu kubwa ya zao la tumbaku la Cuba mwaka 1980. Katika miaka iliyofuata upande wa Uswisi ulilalamika kwamba siga zinakuja zikiwa ngumu kuvutika na ladha haitabiriki. Pamoja na hayo kulikuwa na ugomvi wa haki: ni nani hasa mwenye jina Davidoff, aliyelibuni au anayelima na kusokota?

Si rahisi kuyatenganisha mambo hayo mawili, na moto wa Agosti 1989 uliyachoma yote pamoja. Ulikuwa tamko la ubora, na ulikuwa pia mbinu ya kibiashara iliyopangwa. Upande wa Cuba una hoja yake: shirika hilo lilikuwa limempa mgeni jani lake bora na kiwanda chake bora, naye akaondoka na jina lililokuzwa kwa jasho la kule.

Mwaka 1990 siga za Davidoff zilihamia Jamhuri ya Dominika, kwa mchanganyiko mpya ulioandaliwa na Hendrik Kelner. Zilikuwa nyepesi zaidi, na zenye faida moja ambayo hakuna siga ya Cuba iliyokuwa nayo: ziliweza kuuzwa Marekani. Zino, aliyejifunza kazi Cuba akiwa kijana, alizisifu mpaka mwisho wa maisha yake.

Alifariki dunia Geneva tarehe 14 Januari 1994, akiwa na miaka 87. Zile siga za El Laguito ambazo hazikuchomwa bado zinapatikana kwenye minada, zikiwa zimehifadhiwa kwenye unyevu kama alivyofundisha. Huuzwa kwa bei mara nyingi zaidi ya ile ya dukani enzi zake, na wanaozivuta huzihesabu miongoni mwa siga bora zilizowahi kutoka Cuba.