Hans Sachs: Tabibu wa Meno Aliyehifadhi Mabango

Bango la umma aghalabu halikusudiwi kudumu. Hubandikwa leo, likasomwa na wapita njia, kisha likachakazwa na mvua au likafunikwa na jingine. Hans Sachs, Myahudi aliyezaliwa mwaka wa 1881 mjini Breslau, Ujerumani (sasa Wrocław, Poland), aliyathamini makaratasi hayo jinsi msomi anavyothamini miswada ya kale.

Kitaaluma, Sachs alikuwa tabibu wa meno, ila mapenzi yake ya mabango yalianza angali mwanafunzi wa shule. Mnamo 1905 alishiriki kuasisi mjini Berlin Chama cha Marafiki wa Mabango. Chama hicho kilichapisha jarida la Das Plakat kuanzia 1910 hadi 1921, Sachs akiwa mhariri. Jarida hilo lilichunguza rangi, maumbo ya herufi na mpangilio, na vilevile lilijadili haki za msanii na wizi wa michoro.

Miongoni mwa wasanii walioshirikiana na chama hicho ni Lucian Bernhard. Katika bango la viberiti vya Priester, Bernhard alichora njiti mbili na kuandika jina la bidhaa, basi. Mapambo yote aliyaacha. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, serikali zilihitaji kukopa fedha kutoka kwa raia, nazo zikaazima mbinu za wafanyabiashara. Bernhard yuyo huyo alichora ngumi iliyovikwa chuma, juu ya maandishi mazito yaliyowahimiza Wajerumani kuchangia mkopo wa vita. Hazina ya Sachs ilijumuisha mabango ya vita sambamba na yale ya biashara, sanaa na siasa, hata yakafikia takriban 12,500.

Mwaka wa 1938 hazina hiyo ilinyakuliwa kwa amri ya Joseph Goebbels, waziri wa propaganda wa Wanazi. Mwezi wa Novemba mwaka huo, Sachs alikamatwa na kutiwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alipoachiliwa, alikimbilia Marekani pamoja na mkewe na mwanawe mchanga, Peter.

Baada ya vita Sachs aliamini kwamba mabango yake yote yameangamia. Kwa imani hiyo, alipokea fidia ya maki 225,000 kutoka Ujerumani Magharibi mnamo 1961. Miaka michache baadaye alipata habari kuwa sehemu ya mabango hayo ilinusurika, nayo imo katika jumba la makumbusho la Berlin Mashariki. Mwenye kovu usidhani kapoa: fidia haikuyafuta mapenzi yake. Hata hivyo, aliaga dunia mwaka wa 1974 bila kurejeshewa hata bango moja.

Ujerumani ilipoungana tena mwaka wa 1990, mabango hayo yaliingia mikononi mwa Makumbusho ya Historia ya Ujerumani. Peter alidai urithi wake mahakamani. Makumbusho yalishikilia kwamba fidia ilikwisha kulipwa, na kwamba mabango hayo yalihitajika kwa utafiti. Mnamo Machi 2012, mahakama ya juu ya shirikisho iliamua kuwa kumnyima mrithi mali hiyo kungeendeleza dhuluma ya Wanazi. Mabango zaidi ya 4,000 yakarudishwa.

Haki ilitendeka, lakini haikukosa gharama. Mnada wa kuyauza ulianza mjini New York Januari 2013, na yale yaliyokusanywa na mtu mmoja yakaanza kutawanyika kwa wanunuzi wengi. Mwanafunzi anayetaka kuona jinsi ngumi ya Bernhard ilivyotokana na njiti zake za kiberiti huhitaji kuyaona mabango hayo bega kwa bega. Ulinganisho huo ndio Sachs aliouwezesha kwa kuyaweka pamoja. Na waliomnyang'anya mwaka wa 1938 ndio waliosababisha haki ya mwanawe na haja ya watafiti zigongane.