Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara

Nikiwa fildi, kwenye sekondari moja pale Kariakoo, niliwauliza wanafunzi wa PCB kwa nini wanataka udaktari. Wengi walijibu kuwa wanataka kusaidia jamii. Binti mmoja, mama yake anauza kanga Mtaa wa Kongo, akasema anataka hela. Nikamsema mbele ya wenzake, eti taaluma ile ni wito. Wiki nzima hakunyoosha mkono tena.

Mwezi huohuo mjomba alilazwa Muhimbili, Sewa Haji. Kila siku nampelekea uji, jina nalitaja getini, na mwenye jina simjui. Nikaenda kumsoma.

Sewa Haji Paroo alizaliwa 1851 katika familia ya wafanyabiashara Wahindi waliotoka Kutch. Wala hakuwa daktari. Alikuwa Bagamoyo akiuza vitambaa na shanga, akinunua pembe za ndovu na kuwatafutia wasafiri wapagazi. Stanley alipokuja 1871 kumtafuta Livingstone, wapagazi alitafutiwa na kijana huyu wa miaka 20 hivi, na kwenye kitabu chake akamwandika kama tapeli. Mimi naona pale kuna ukweli na kuna hasira ya mteja pia. Mtu wa Kariakoo ananielewa. Na jasho la wapagazi lilikuwa humohumo kwenye utajiri wake, tusifiche.

Lakini mwaka 1892 akatoa jengo lake la ghorofa Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe. Hiyo ni enzi ya Mjerumani, jamani! Akatoa pia fedha za hospitali Dar es Salaam, mahali ambapo Mwafrika na Mhindi wangetibiwa, maana ile ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu. Alifariki Zanzibar 1897, akaacha mali kwa ajili ya wagonjwa maskini na wenye ukoma. Hospitali yake ilisimama karibu na stesheni ya reli, mwendo wa mguu tu kutoka Kariakoo, miaka zaidi ya 50. Mwaka 1956 ikafunguliwa Princess Margaret, ndiyo Muhimbili ya leo, na jina lake likahamia kwenye wodi.

Niliwasimulia darasani, nikamwomba yule binti radhi palepale. Akaitikia, halafu akauliza Sewa Haji alikuwa anabaki na shilingi ngapi kwa kila mpagazi. Nikamwambia zilikuwa rupia.