Gabriel Lippmann na Tone la Zebaki

Gabriel Lippmann alizaliwa nchini Luxembourg tarehe 16 Agosti 1845, akalelewa na kusomeshwa Paris. Hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano: aliyashika yaliyompendeza na kuyapuuza mengine, na mtihani wa kufuzu ualimu ukamshinda.

Mwaka 1873 serikali ya Ufaransa ilimtuma Ujerumani kuchunguza ufundishaji wa sayansi. Huko Heidelberg, mwanafiziolojia Wilhelm Kühne alimwonyesha jambo dogo. Tone la zebaki lililofunikwa kwa asidi ya salfa iliyozimuliwa hujikunyata linapoguswa kwa waya wa chuma. Waya ukiondolewa, hurudia umbo lake. Wengi wangeuona huo mchezo tu. Lippmann alitambua kwamba umeme ndio uliobadilisha mvutano wa uso wa zebaki. Utafiti huo ulimpatia shahada ya udaktari mwaka 1875, ukazaa na chombo cha kupimia umeme hafifu mno. Kwa chombo cha aina hiyo, Augustus Waller aliunasa umeme wa moyo wa binadamu mjini London mwaka 1887.

Hata hivyo, Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908 alipewa kwa mbinu yake ya kupiga picha za rangi. Picha zenyewe zilikuwa za kupendeza, ila zilihitaji mwanga wa muda mrefu na hazikunakilika, mbinu ikaachwa. Aliaga dunia tarehe 13 Julai 1921, melini, akirejea kutoka Kanada.

Tone, kwa upande wake, halikuachwa. Zebaki haipenywi na mwanga, hivyo haifai kuwa lenzi. Maji yanafaa, lakini umeme unaozidi volti moja na ushei huanza kuyachanganua. Mnamo 1993 Mfaransa Bruno Berge alitenga maji na chuma kwa utando mwembamba usiopitisha umeme, na kikwazo hicho kikaondoka. (Miaka 118 baada ya tasnifu! Sisi wa fasihi tusilalamikie tena ukawivu wa wachapishaji.)

Katika lenzi ya namna hii, maji ya chumvi na mafuta hufungiwa pamoja. Vimiminika hivi havichanganyiki, na mafuta hupinda mwanga zaidi. Sharti uzito wake kwa ujazo ulingane, la sivyo lenzi ikiinamishwa umbo huharibika. Umeme ukiongezwa, mpaka baina yavyo hubadili mbinuko, na lenzi ikalenga karibu au mbali pasi na kipande chochote cha kioo kusogezwa.