Maisha ya Idi Amin na Utawala Wake

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Ama baad.

Idi Amin Dada alikuwa Mkakwa, mtu wa pande za magharibi ya mto Nile katika Uganda. Mwaka 1946 aliingia jeshi la Kiingereza la Keya, akaanza kazi jikoni. Alikuwa pande la mtu na bingwa wa ngumi. Elimu yake ya kusoma na kuandika ilikuwa haba, lakini Waingereza walimpandisha hata akawa ofisa kabla ya uhuru wa mwaka 1962. Milton Obote akamtukuza jeshini, na mwaka 1966 akamtuma kulipiga jumba la Kabaka pale Mengo. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore, Amin akaitwaa serikali kwa silaha.

Waislamu wa Uganda, waliokuwa wachache na wenye kusahauliwa, walifurahi. Mwaka 1972 likaundwa Baraza Kuu la Waislamu, na mwaka 1974 Uganda ikaingia katika jumuiya ya nchi za Kiislamu. Lakini mwaka huo wa 1972 Amin aliwapa Wahindi siku 90 watoke nchini, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu. Majumba yao yakagawiwa, na mengine yakapewa Baraza. Hapo ndipo penye mtihani, kwani katika madhehebu ya Imamu Shafii mtu hawezi kuweka wakfu asichokimiliki, na aliyenyang'anya ni wajibu wake kurudisha.

Kisha ikawa damu. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani mwaka 1972, asirudi tena. Shaban Nkutu, Muislamu aliyekuwa waziri wa Obote, aliuawa mwaka 1973, na Askofu Mkuu Janani Luwum mwaka 1977. Wenye kukisia idadi ya waliouawa hufika hata watu 300,000. Dhuluma yake haikumwuliza mtu dini.

Oktoba 1978 askari wake waliingia Kagera, wakaua na kupora. Tanzania ikainuka yote, hata Mtwara iliyo mbali kabisa na Kagera, na katika jeshi lake walikuwamo Waislamu wengi. Msumbiji nayo, jirani wa ng'ambo ya Ruvuma, ilipeleka askari. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Amin akakimbilia Libya, kisha Saudia, akafa Jidda tarehe 16 Agosti 2003.

Yeye alifika salama, ila Waislamu wanyonge wakabaki. Mwaka huo wa 1979, magharibi ya Uganda, waliuawa watu wasio na hatia, wakahesabiwa kuwa watu wake kwa sababu ya dini yao tu. Basi jina la Kiislamu halimwondolei mtawala dhuluma yake, na anayemshangilia dhalimu kwa kuwa ni ndugu katika dini amemdhulumu ndugu huyo, kwani msaada wa haki kwake ni kumzuia mkono.

Wabillahi taufiki.