Roddy Owen: bingwa wa mbio za farasi aliyepandisha bendera Wadelai

Kwa miaka mingi, malori yaliyotoa bidhaa Mombasa kuzileta Goma, zile ambazo baadaye hupanda Sake kuelekea Masisi na Walikale, yalivuka mto Nile juu ya bwawa la umeme la Jinja, nchini Uganda. Bwawa hilo lilizinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954 na likaitwa Owen Falls, kwa jina la maporomoko yaliyofunikwa na maji yake. Leo linaitwa Nalubaale. Huyo Owen hakuwa mhandisi wala gavana. Alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza ambaye kwao alijulikana zaidi kwa farasi kuliko kwa bunduki.

Edward Roderic Owen, maarufu Roddy, alizaliwa Wales mwaka 1856 na akajiunga na jeshi akiwa kijana. Maafisa wenzake walicheza kriketi au polo. Yeye alipanda farasi wa mashindano, na alishinda mara nyingi mno kwa mtu ambaye hiyo haikuwa kazi yake. Kilichomkwepa ni Grand National, mbio za karibu kilomita 7 zenye vizuizi 30 vya kuruka, ambamo farasi na wapandaji huvunjika mifupa. Mwaka 1891 alimaliza wa pili. Alilalamika kwamba mshindi alimziba njia karibu na mwisho, lakini waamuzi wakamkatalia. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 36, alirudi na farasi aitwaye Father O'Flynn na kuwaacha wote nyuma kabisa.

Wengine wangebaki kula sifa. Owen aliomba apelekwe vitani Afrika.

Tarehe 1 Januari 1893 aliondoka Zanzibar katika msafara wa Gerald Portal, uliotumwa kuamua kama Uingereza ibaki Uganda au iondoke. Walifika Kampala mwezi Machi. Owen akatumwa Toro, chini ya milima ya Rwenzori, kuwaondoa askari wa Kisudani kwenye ngome zao. Wengi wa askari hao walikuwa wa Emin Pasha, na Lugard aliwachukua mwaka 1891 huko Kavalli, kwenye ukingo wa ziwa Albert ambao leo ni Ituri. Kuwaondoa kulikuwa na gharama, na aliyeilipa si Owen. Mfalme Kasagama wa Toro aliachwa bila ulinzi, na watu wa Kabalega, mfalme wa Bunyoro, wakamfukuza hadi milimani.

Desemba mwaka huohuo Waingereza walianza vita dhidi ya Kabalega, na Owen alikuwemo. Mwezi Februari 1894 alishuka mto Nile hadi Wadelai, makao ya zamani ya Emin, akapandisha bendera na kufanya mkataba na chifu wa hapo. Haraka hiyo ilikuwa na sababu: watu wa Mfalme Leopold wa Pili walikuwa wamekwisha kufika Nile kutoka Uele. Miezi mitatu baadaye, tarehe 12 Mei, Uingereza ilimkodishia Leopold ukingo huohuo wa kushoto, Wadelai ikiwemo. Yaani bendera ya Owen ilikuwa mali ya kubadilishana mezani. Leopold alipofariki mwaka 1909 eneo kubwa lilirudishwa kwa Waingereza, lakini Mahagi ilibaki upande wa Kongo hadi leo. Wakaaji hawakuulizwa, si 1894 wala baadaye. Mwaka huohuo wa 1894, Mjerumani von Götzen alipita ziwa Kivu na kukata msitu wa upande wetu hadi mto Kongo, naye akiandika ramani.

Owen hakukaa. Mwaka 1895 alikuwa Chitral, mpakani mwa India, akiandikia gazeti. Mwaka 1896 aliingia katika jeshi lililopanda kutoka Misri kwenda Sudan, na huko, kwenye visima vya Ambigol, kipindupindu kilimuua mwezi Julai. Alikuwa na miaka 40.

Kabalega alipigana hadi 1899, alipokamatwa na kupelekwa uhamishoni Shelisheli. Aliporuhusiwa hatimaye kurudi kwao, alifariki njiani mwaka 1923, huko Jinja, karibu na maporomoko yaliyobeba jina la Owen.