Maisha ya Joseph Priestley, mchungaji aliyechunguza hewa

Katika somo la biolojia tunasikia jina la Joseph Priestley, lakini wengi wetu hatujui maisha yake.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1733, karibu na mji wa Leeds. Mama yake alikufa yeye angali mtoto, akalelewa na shangazi. Alikuwa na kigugumizi, hata hivyo akasoma mpaka akawa mchungaji wa Waprotestanti waliokuwa nje ya kanisa la serikali.

Tarehe 17 mwezi wa 8 mwaka 1771, aliweka tawi la mnanaa katika chombo kilichofungwa, ambamo buji ilikuwa imewaka mpaka kuzimika. Tarehe 27 akaingiza buji ingine, ikawaka vizuri. Kumbe mmea ulikuwa umetengeneza tena ile hewa! Mwaka 1774 akapata hewa hiyo peke yake kutoka unga mwekundu wa zebaki. Ndiyo tunaita oksijeni.

Mwaka 1791, kule Birmingham, watu wenye hasira walichoma nyumba yake, vitabu na vyombo vyake, juu ya mawazo yake ya dini na ya siasa. Mwaka 1794 akahamia Marekani, akafa huko mwaka 1804, myaka 70.

Sasa sikieni jambo la ajabu. Cavendish na Lavoisier walikuwa wameonyesha kwamba maji yanafanyika kwa hidrojeni na oksijeni. Priestley alikataa kabisa. Hata mwaka 1800 aliandika kitabu cha kupinga. Lakini oksijeni ya mnanaa wake ilitoka wapi? Ndani ya maji! Mwaka 1941, kule California, Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao walipatia mwani maji yenye oksijeni nzito, ya uzito 18. Mwani ulipopata mwanga, ukatoa oksijeni ile ile nzito.

Kazi inafanyika hivi. Ndani ya jani iko kikundi kidogo cha atomu 4 za manganezi na 1 ya kalsiamu. Mwanga ukipiga klorofili, elektroni moja inaruka, na manganezi inatoa ingine kujaza pengo. Baada ya mara 4, kikundi kinajilipa: kinanyang'anya molekuli 2 za maji elektroni 4. Inabaki molekuli 1 ya oksijeni, inayotoka nje, na protoni 4. Elektroni zinaendelea na kazi ya kutengeneza sukari. Mihogo na migomba yetu ya hapa Rurambo inavunja maji ya mvua namna hiyo kila siku jua likiwaka.

Priestley aliona vizuri, akaeleza vibaya. Lakini hakuficha kitu: aliandika majaribio yake yote, hata yaliyomshinda, ili wengine wayarudilie. Sababu ya hiyo waliokuja nyuma waliweza kumsahihisha. Basi wandugu, katika daftari la majaribio tuandike tulichoona, hata kama hakifanani na tulichongojea.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa 6