Olaus Murie: mzee wa theluji aliyenikumbusha Kwakuchinja

Wadau, leo nawaletea habari za jamaa mmoja ambaye huku kwetu hatajwi kabisa, ingawa kijana mmoja aliyepita kambini kwake alikuja baadaye kupiga kazi kubwa hapa hapa Serengeti. Anaitwa Olaus Murie, Mmarekani, alifariki mwaka 1963. Kule kwao ni jina kubwa kwa watu wa wanyamapori.

Kwa nini nimemchagua? Mimi nimekulia jirani na Kwakuchinja, kwenye ule ushoroba kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Nilipokuwa mdogo nyumbu na pundamilia walikuwa wakipita nyuma ya shamba la mjomba wangu. Sasa mjomba ana uzio, jirani yake kajenga, na nyumbu ukiwaona pale ni bahati yako. Nikaanza kusoma habari za Murie nikajikuta nasoma habari za kijijini kwetu, ila kwenye theluji.

Kwanza tuelewane kuhusu wanyama wenyewe. Hatuzungumzii swala wala paa. Swala wetu pembe zake anakufa nazo, lakini wale wa huko kila mwaka zinadondoka, wanaota nyingine zenye matawi. Kusini ya Sahara hawapo kwa asili. Biblia ya Kiswahili inawaita ayala, basi na mimi nitawaita hivyo hivyo. Murie alihangaika na aina mbili: elki, ambaye ni ayala mkubwa wa milimani, na karibuu wa kaskazini kabisa kwenye barafu (sio ile karibu ya kukaribisha mgeni, msicheke).

Alizaliwa tarehe 1 Machi 1889 huko Moorhead, Minnesota, wazazi wake wahamiaji kutoka Norway. Akasomea mambo ya viumbe, na mwaka 1920 serikali ikampeleka Alaska kuchunguza karibuu wanahamia wapi na kwa njia gani. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuburutwa na mbwa kwenye sleji, miezi na miezi, na kwa muda alikuwa na mdogo wake Adolph. Mwaka 1924 akamuoa Margaret Thomas, maarufu kama Mardy, mwanamke wa kwanza kuhitimu chuo cha Fairbanks. Fungate yao? Zaidi ya kilomita 800 kwa boti na sleji, wakifuata karibuu. Madada mnaodai fungate ya Zanzibar, mmesikia?

Mwaka 1927 ndipo ikaja kazi iliyompa jina. Serikali ilimhamishia Jackson Hole, bonde lililozungukwa na milima huko Wyoming. Elki wa pale walikuwa wanakufa kila majira ya baridi, na akatakiwa atafute sababu. Ikumbukwe kwamba kiangazi elki wanakula juu milimani, theluji ikianza wanashuka bondeni. Tatizo ni kwamba tangu miaka ya 1880 walowezi walikuwa wameshaingia bondeni, wakaweka mashamba, nyua za ng'ombe na mji wa Jackson palepale ambapo elki walikuwa wakimalizia baridi. Wakishuka wanakuta uzio. Wakavamia majani makavu ya ng'ombe, wenye ng'ombe wakakasirika, na elki kwa maelfu wakafa njaa. Mwaka 1912 serikali ikatenga hifadhi ndogo ya kuwalisha majani makavu, ikaonekana mambo yameisha.

Hayakuisha. Murie alipasua mizoga, akakusanya mafuvu, akachambua mpaka vinyesi. Akakuta vidonda midomoni. Majani magumu na mbegu zenye miiba ziliwachoma kwenye fizi, bakteria wakaingia humo. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwepo kweli, lakini ulianzia kwenye chakula kibovu na msongamano, na hayo yalitokana na kukosa malisho yao ya asili ya baridi. Ushauri wake ukawa kuwarudishia ardhi, sio kuwaongezea majani. Hapo ndipo nilipomkubali huyu mzee.

Wengi walitaka lawama imwangukie koyote, yule mbwa mwitu mdogo anayefanana na mbweha wetu. Idara yake yenyewe ilikuwa inawaua kwa sumu. Murie akachunguza wanakula nini, akakuta zaidi ni panya na wanyama wadogo wadogo, wala sio wao wanaowamaliza elki. Ripoti hiyo wakubwa hawakuipenda. Alivumilia, na mwaka 1945 akaacha kazi serikalini, akawa mkurugenzi wa The Wilderness Society akifanyia kazi nyumbani kwake, nyumba ya magogo kijijini Moose.

Kabla ya hapo kulikuwa na sinema ya mwaka 1943. Hifadhi ya Grand Teton ilianzishwa 1929, lakini mpaka wake ulichukua milima na maziwa tu. Pazuri kwa picha, ila elki baridi anakula bondeni, nje ya mpaka. Rais Franklin Roosevelt akatangaza sehemu kubwa ya bonde kuwa eneo la hifadhi. Wafugaji wakacharuka, wakaswaga ng'ombe mia kadhaa kukatiza eneo hilo wakiwa na bunduki, pamoja na mwigizaji wa Hollywood, Wallace Beery. Murie aliunga mkono hifadhi hadharani, huku anaishi na majirani walioipinga. Fikiria kwenda dukani asubuhi yake! Mwaka 1950 bonde likaunganishwa na Grand Teton, japo kwa makubaliano kwamba uwindaji wa elki kupunguza idadi utaruhusiwa humo.

Mwaka 1956, akiwa na miaka 67, alirudi Alaska na Mardy kupiga kambi Mto Sheenjek, na vijana wachache wa kusoma. Mmoja alikuwa George Schaller, miaka 23, ambaye baadaye alichunguza sokwe wakubwa wa Virunga, kisha simba wa Serengeti kuanzia 1966. Safari hiyo ilisaidia sana, kwani tarehe 6 Desemba 1960 zilitengwa ekari milioni 8.9, kuanzia milimani hadi uwanda wa pwani ambako karibuu wa kundi la Porcupine huzalia. Mpaka huo ulifuata mnyama. Ugomvi wa mafuta ya uwandani humo haujaisha, maana mwaka 2017 bunge lao lilipitisha sheria ya kufungua sehemu yake kwa wachimbaji.

Murie alifariki tarehe 21 Oktoba 1963. Sheria ya kulinda mapori aliyoipigania ilisainiwa mwaka uliofuata, Mardy akishuhudia. Mama huyo aliendelea na mapambano mpaka 2003, alipofariki akiwa na miaka 101.

Sasa wadau wa Minjingu, Babati na Mto wa Mbu, hasa madereva mnaopita barabara ile usiku: nyumbu bado wanavuka pale? Miezi gani, na upande upi wa barabara? Nimemuuliza mjomba, kasema nikaulize wenye magari.